Premio au Mark X? Hesabu za familia ya Mwanza kabla ya kununua gari

UKISIMAMA kando ya Barabara ya Kenyatta jijini Mwanza asubuhi ya siku ya kazi, ukatazama magari madogo yanayotoka Buhongwa, Mkolani na Nyegezi kuelekea katikati ya jiji, hutachukua muda mrefu kugundua kuwa majina mawili yanajirudia mno: Toyota Premio na Toyota Mark X.

Yote mawili ni magari ya milango minne, yenye buti la nyuma na nafasi ya watu watano. Yote mawili yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japan, yakatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha yakavuka bahari hadi Bandari ya Dar es Salaam. Katika yadi za magari utayakuta yameegeshwa ubavu kwa ubavu, na mara nyingi bei zilizobandikwa kwenye vioo zinakaribiana.

Hapo ndipo mabishano ya nyumbani yanapoanzia. Mmoja anaitaka Mark X kwa sababu ni pana, ina nguvu na inaheshimika barabarani. Mwenzake anaitaka Premio kwa sababu amesikia kuwa haili mafuta. Kila upande una shemeji au jirani wa kumtolea ushahidi.

Kwa familia nyingi za mjini, gari ni ununuzi mkubwa unaofuata kiwanja na nyumba. Fedha zake aghalabu hutokana na mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara, au mkopo wa chama cha kuweka na kukopa unaolipwa kwa miaka mitatu au minne. Atakayekosea uchaguzi hatapata nafasi ya pili upesi. Tumeyaona magari mengi yaliyopandishwa juu ya mawe uani, tairi zimetolewa, mwenye gari akisubiri fedha za matengenezo ilhali makato ya mkopo yanaendelea kila mwisho wa mwezi. Na Mwanza mawe hayana uhaba.

Makala haya yanajaribu kuyapima magari haya mawili kwa mizani ya mkazi wa Mwanza, na si kwa mizani ya matangazo ya wauzaji.

Ukoo mmoja, tabia mbili

Wengi hawafahamu kuwa magari haya yana babu mmoja. Toyota Corona ilianza kutengenezwa mwaka 1957. Mwaka 1968 kampuni hiyo ilitoa gari lililokuwa kubwa kidogo na la hadhi ya juu zaidi, ikaliita Corona Mark II. Baadaye jina la Corona likaondolewa, likabaki Mark II peke yake, na gari hilo likaendelea kukua kizazi baada ya kizazi.

Wakazi wa miji ya Tanzania wanaikumbuka vyema Mark II, hasa GX 100 na ile ya mwisho, GX 110, iliyozoeleka kwa jina la Grande. Mrithi wake alitoka Novemba 2004 akiitwa Mark X. Alama ya X ni kumi ya Kirumi, kwa kuwa ndicho kizazi cha kumi cha ukoo huo. Mark X ilitengenezwa kwa vizazi viwili, cha kwanza hadi mwaka 2009 na cha pili hadi Desemba 2019, ilipositishwa kabisa.

Tawi jingine la Corona lilizaa Corona Premio mwaka 1996, kisha Desemba 2001 likawa Premio tupu. Kizazi kilichofuata kilianza Juni 2007, kikaendelea hadi Machi 2021. Allion ni pacha wake, hivyo yanayosemwa hapa juu ya injini na gia za Premio yanamhusu pia mwenye Allion.

Tofauti kubwa ya kwanza iko chini ya boneti. Premio ina injini ya silinda nne, ya ujazo wa sentimita za ujazo 1,500, 1,800 au 2,000, na nguvu yake huenda kwenye tairi za mbele. Mark X ina injini ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Ndogo kabisa ni ya 2,500, kisha kuna ya 3,000 katika kizazi cha kwanza na ya 3,500 katika kizazi cha pili. Nguvu yake hupita kwenye propela hadi kwenye difu, ikasukuma tairi za nyuma. Zipo Premio na Mark X chache zinazovuta kwa tairi zote nne, lakini hizo si za kawaida katika yadi zetu.

Kodi: pengo si kubwa kama inavyodhaniwa

Mtu anayeagiza gari mwenyewe kutoka Japan huanza kwa kuogopa kodi, na yuko sahihi kuogopa. Hata hivyo, kodi siyo inayotenganisha sana magari haya mawili.

Kwa viwango vilivyozoeleka kwa miaka mingi, gari lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 5 kwa injini iliyozidi 1,000 na isiyozidi 2,000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi hapo. Kisha kuna ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari lenye umri wa miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi. Mwisho wa yote huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Zipo pia tozo nyingine ndogo, ikiwemo ya maendeleo ya reli, pamoja na ada ya usajili. Bajeti ya Serikali inayosomwa kila Juni huweza kugusa lolote kati ya haya, hivyo mnunuzi ahakikishe viwango vya mwaka wake.

Tuchukue mfano. Premio ya 1,800 na Mark X ya 2,500, zote zina zaidi ya miaka kumi, na zote zimethaminiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa Sh10,000,000 pamoja na gharama za usafirishaji na bima hadi bandarini. Ushuru wa forodha unazifikisha zote Sh12,500,000. Kwa Premio, ushuru wa bidhaa ni Sh625,000 na wa uchakavu ni Sh3,750,000. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani, gari linasimama kwa Sh19,912,500. Kwa Mark X, ushuru wa bidhaa unapanda hadi Sh1,250,000, wa uchakavu unabaki uleule, na jumla inakuwa Sh20,650,000.

Tofauti ni Sh737,500. Si fedha ndogo, lakini si ya kumfanya mtu abadili mawazo. Jambo la kuzingatia zaidi ni kuwa gari la zamani linakaribia kugharimu mara mbili ya thamani yake ya bandarini, liwe Premio au Mark X.

Kuna mtego mwingine hapa. TRA hutumia kanzidata yake ya thamani za magari, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama katika tovuti ya mamlaka hiyo kwa kujaza aina ya gari, mwaka na ujazo wa injini. Anayefurahia kuwa ameokota Mark X kwa bei ya kutupwa katika mnada wa Japan huweza kukuta kuwa kodi imekokotolewa kwa thamani iliyo juu ya ile aliyolipa. Ni vyema kufungua kikokotoo hicho kabla ya kutuma fedha, na si baada ya meli kutia nanga.

Kwa kuwa Mark X ya mwisho ilitengenezwa Desemba 2019, ifikapo mwaka 2030 hakutakuwa na Mark X hata moja itakayokwepa ushuru wa juu wa uchakavu. Premio za mwisho zitavuka mstari huo mwaka 2031. Kwa maneno mengine, anayenunua lolote kati ya magari haya ananunua gari ambalo halitengenezwi tena.

Kituo cha mafuta ndicho kinachoamua

Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, familia nyingi hukosea kwa kupiga hesabu ya kununua na kusahau hesabu ya kutumia.

Mafuta ya Mwanza ni ghali kuliko ya Dar es Salaam. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila mwezi, na mkoa ulio mbali na bandari hubeba gharama ya kusafirisha. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100 za lami.

Kwa urahisi wa hesabu, tuchukue petroli ya Sh3,000 kwa lita. Familia inaishi Buhongwa, watoto wanasoma mjini, wazazi wote wawili wanafanya kazi. Kwenda, kurudi na mizunguko ya sokoni, gari linatembea takriban kilomita 40 kwa siku. Ukiongeza ibada ya mwisho wa wiki, msiba mmoja na harusi moja, mwezi unafika kilomita 1,250, na mwaka kilomita 15,000.

Premio ya 1,500 iliyo nzima, katika mchanganyiko wa foleni na barabara iliyo wazi, ni rahisi kutembea kilomita 12 kwa lita. Mark X ya 2,500 katika mazingira hayohayo ikifika kilomita 8 imejitahidi. Premio itatumia lita 1,250 kwa mwaka, sawa na Sh3,750,000. Mark X itatumia lita 1,875, sawa na Sh5,625,000.

Pengo ni Sh1,875,000 kwa mwaka, zaidi ya Sh156,000 kila mwezi. Ile tofauti ya kodi tuliyoiona hapo juu inamezwa na pampu kabla ya mwezi wa tano kuisha. Kwa mtumishi wa umma mwenye mkopo, fedha hizo ni umeme, maji na sehemu ya ada ya mtoto.

Lipo jambo lililoongeza uzito wa hoja hii. Zamani kila gari lililipiwa leseni ya mwaka kulingana na ukubwa wa injini. Mwaka 2017 Serikali iliifuta leseni hiyo na kuongeza Sh40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Tangu hapo anayechoma mafuta mengi ndiye anayechangia zaidi, iwe anajua au hajui.

Tuwe waadilifu kwa Mark X, maana safarini sura inabadilika. Gia zake sita huiwezesha injini kuzunguka taratibu kwenye mwendo wa kilomita 90 au 100 kwa saa. Katika barabara iliyonyooka ya kuelekea Shinyanga, si ajabu ikatembea kilomita 11 au 12 kwa lita, wakati Premio inafika 15 au 16. Safari ya kilomita 400 inakuwa na tofauti ya lita tisa hivi, sawa na Sh27,000. Kwa anayesafiri mara mbili kwa mwaka, hilo halimuumizi. Kinachomuumiza ni foleni ya kila siku, ambako injini ya silinda sita inaungurumia mahali pamoja na kuchoma mafuta bure.

Milima, mawe na daraja

Mwanza si Dodoma. Nusu ya jiji iko juu ya vilima vya mawe, na njia za kupandia Isamilo, Bugando, Mabatini au Igogo zinampima dereva na gari lake. Nyumba nyingi hazifikiwi kwa lami. Mita 300 za mwisho ni changarawe, mfereji uliokatwa na mvua na jiwe moja ambalo kila mkazi wa mtaa analijua kwa jina.

Katika mita hizo 300, urefu wa gari una maana kuliko nguvu. Premio ina urefu wa mita 4.6 na upana usiofika mita 1.7. Mark X ina mita 4.73, na upana wa karibu mita 1.8 kwa kizazi cha pili. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni mita 2.7 kwa Premio na mita 2.85 kwa Mark X. Sentimita hizo 15 ndizo zinazofanya tumbo la gari likwaruze kilele cha tuta, ambalo Premio hulivuka kwa kuinama tu. Wenye Mark X wengi huishia kuweka vipande vya kunyanyulia springi. Gari linainuka kweli, lakini bushi na shokapu huumia mapema, na usukani hupoteza utulivu wake katika mwendo wa kasi.

Tairi nazo zisisahaulike. Premio nyingi huvaa tairi za inchi 15 zenye ukuta mnene. Mark X za kawaida huvaa za inchi 16, na zile za mtindo wa kimichezo huja na rimu za inchi 18 zenye tairi nyembamba ya pembeni. Rimu hizo zinapendeza sana Capri Point. Ukiingia nazo kwenye kona yenye jiwe Kitangiri, jiwe halitazami sura.

Kuhusu kupanda mlima, kuna maneno mengi mitaani na si yote ni ya kweli. Gari linaposimama kwenye mwinuko, uzito wake huegemea nyuma, hivyo Mark X inayosukuma kwa tairi za nyuma hupata mshiko mzuri kwenye lami au changarawe kavu, hasa ikiwa imejaza watu. Premio ikianza kwa pupa kwenye mwinuko mkali huweza kuzungusha tairi za mbele bila kusogea. Lakini mvua za Machi hadi Mei zikishateremka, na njia ya tambarare ikageuka tope, Premio ndiyo inayomtoa mtu, kwa kuwa uzito wa injini umekalia tairi zilezile zinazovuta. Mark X isiyo na mzigo nyuma hucheza mkia.

Jambo jipya limeingia katika mizani hii. Juni 19, 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Kabla ya hapo, safari ya Sengerema, Geita au Bukoba ilianza kwa kupanga foleni ya kivuko, na wengi waliona afadhali wapande basi. Sasa familia inaweza kuondoka Mwanza baada ya kifungua kinywa, ikamsalimia bibi Sengerema na kurudi kabla ya jua kuzama. Magari yaliyokuwa ya kwenda kazini na kurudi tu yameanza kusafiri.

Mark X inanufaika na badiliko hilo. Katika kuyapita malori kwenye barabara ya njia mbili, injini ya farasi zaidi ya 200 hupunguza muda ambao gari linakaa upande usio wake. Premio ya 1,500 ikiwa na watu wazima wanne, mtoto, gunia la mchele na kiyoyozi kimewashwa, inahitaji nafasi ndefu na dereva mwenye subira. Hilo ni suala la usalama wa watu waliomo. Yule anayesafiri kila mwezi na familia nzima afikirie angalau Premio ya 1,800, ambayo inaongeza nguvu ya kutosha bila kuvuka mstari wa ushuru wa 2,000.

Ni kweli pia kwamba nguvu humshawishi mtu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika makazi hauchagui injini, na askari wenye tochi wa Misungwi na Magu hawajali silinda ni ngapi.

Watoto watatu katika kiti cha nyuma

Mark X inaonekana pana kwa nje, na kwa watu wanne inatosha na kubaki. Shida ni wa tano. Kwa kuwa propela hupita katikati ya gari hadi nyuma, sakafu ya kiti cha nyuma ina mgongo mrefu, na anayekaa katikati hutanua miguu huku na huku. Premio haina propela katika aina yake ya kawaida, hivyo sakafu yake inakaribia kuwa tambarare. Familia yenye watoto watatu ikafanye jaribio rahisi: iende nao yadini, wakae wote watatu nyuma, wafunge mikanda, kisha wazazi wasikilize nani atalalamika kwanza.

Buti la kila moja linameza mzigo wa kawaida wa kwetu, yaani mchele wa Magu, mananasi ya Sengerema na ndoo ya sato. Ushauri kuhusu sato ni mmoja kwa magari yote mawili: ndoo iwe na mfuniko.

Gerejini

Spea za magari haya zinapatikana Mwanza bila tabu, mpya na zilizotumika. Tofauti iko katika idadi na bei. Injini ya 1,500 ya Premio hunywa takriban lita nne za oili, na ya 2,500 ya Mark X hunywa zaidi ya lita sita. Plagi ni nne dhidi ya sita, na koili ni nne dhidi ya sita. Kwenye injini ya V, kufikia baadhi ya plagi kunamtaka fundi afungue vitu vingine kwanza, na fundi hulipwa kwa muda wake.

Kubwa zaidi ni mfumo wa kuingiza mafuta. Injini za Mark X za 2,500 na 3,000 humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, mfumo ambao mafundi wetu huuita D4. Mfumo huo unabana matumizi na kuongeza nguvu ukiwa mzima. Lakini petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha, hivyo masizi hujikusanya hapo taratibu hadi injini ianze kutetemeka ikiwa imesimama. Petroli chafu au iliyochanganywa huumiza pampu ya shinikizo na nozeli zake, na hivyo si vitu vya kununua kwa mshahara wa mwezi mmoja. Mwenye Mark X achague kituo cha mafuta anachokiamini na asikihame.

Premio nayo haijasafishika yote. Ile ya 2,000 ya mwaka 2001 hadi 2007 ina D4 vilevile, na ndiyo iliyowafanya watu wengi waogope jina hilo. Ile ya 1,800 ya miaka hiyo ina injini ya 1ZZ, ambayo matoleo yake ya mwanzoni yalijulikana kwa kula oili. Inayosifika kwa uvumilivu ni ya 1,500, yenye injini ya 1NZ, ambayo karibu kila fundi wa Mwanza ameifungua na kuifunga mara nyingi. Katika kizazi cha kuanzia 2007, ile ya 1,800 ilipewa injini mpya ya 2ZR, na hiyo ni chaguo zuri.

Kizazi hicho cha pili cha Premio kinatumia giaboksi ya mkanda inayoitwa CVT, ambayo haina gia za kuhesabika. Inataka mafuta yake maalumu. Wapo mafundi wanaomimina mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni rahisi kupatikana, na gari huondoka gerejini likitembea vizuri kabisa. Miezi michache baadaye linaanza kuteleza kwenye mlima, na mwenye gari hakumbuki tena lile galoni lililomiminwa. Kama unanunua Premio ya 2007 na kuendelea, nunua na mafuta yake wewe mwenyewe, na usimame hapo yanapomiminwa.

Soma kibati

Kwa kuwa jina la Premio limebeba magari mema na yenye matatizo, na la Mark X vilevile, asinunue mtu kwa kutazama jina la nyuma ya buti. Gari la Kijapani lina kibati kinachoonyesha msimbo wa chesisi. NZT240 ni Premio ya 1,500 ya kizazi cha kwanza, ZZT240 ni ya 1,800 na AZT240 ni ile ya 2,000. Kizazi kilichofuata ni NZT260 kwa 1,500 na ZRT260 kwa 1,800. Kwa Mark X, GRX120 na GRX130 ni za 2,500. GRX121 ni ya 3,000 na GRX133 ni ya 3,500. Hizo mbili za mwisho si gari za kumpeleka mtoto shule, labda shule iwe ya urubani.

Gari likiwa limetoka Japan karibuni, omba cheti chake cha kuondolewa nchini humo. Cheti hicho huonyesha kilomita zilizosomwa rasmi, na mita ya dashibodi ikiwa inasoma chini ya hapo, mazungumzo yameisha. Likiwa limetumika hapa nchini, lipeleke likiwa la baridi. Muuzaji aliyeliwasha kabla hujafika ana sababu zake. Sikiliza linavyoamka, kisha lipandishe mlima wowote wa Mwanza likiwa na watu wanne, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na utazame kipimo cha joto.

Nani anunue lipi

Familia ambayo gari lake ni la kazini, shuleni na sokoni kwa siku 26 za mwezi, na ambayo ada na makato ya mkopo vinagombania mshahara mmoja, inunue Premio. Kwa bajeti ndogo, NZT240 iliyotunzwa. Kwa anayeweza kuongeza, ZRT260, ambayo itawafikisha Bukoba bila kuhema. Ile ya 2,000 ya kizazi cha kwanza iachwe hata ikipunguzwa bei.

Mark X ni gari zuri kuliko Premio katika mambo mengi ambayo dereva huyahisi: utulivu, ukimya na nguvu. Inamfaa mtu ambaye anaishi kwenye lami, anasafiri mara kwa mara kwenda Shinyanga, Musoma au Geita, na ambaye tofauti ya Sh156,000 kwa mwezi haimkoseshi usingizi. Huyo achukue GRX130 ya 2,500 yenye rimu za inchi 16. Asiyekuwa na sifa hizo akinunua Mark X, kwa kawaida huilaza nyumbani kuanzia tarehe 15 ya mwezi na kupanda daladala, na jirani huanza kuuliza kama gari ni bovu.

Kabla ya kulipa senti ya mwisho kwa gari lenye namba za Tanzania, ingiza namba hizo katika mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia faini za barabarani. Hakikisha jina la kwenye kadi ndilo la anayekuuzia, na kuwa kadi halisi haiko benki kama dhamana ya mkopo. Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA siku hiyohiyo, muuzaji akiwepo, kwa sababu faini za aliyetangulia hazifutiki kwa gari kubadili mwenyewe.